Mwezi Mmoja Makumbusho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maonyesho, Sanaa za Jukwaani na Mazungumzo na Wasanii Nairobi

Ratiba ya mwezi ikitoka tu, ujumbe huanza kuingia. Wengi wanaoniuliza mara ya mwisho kuingia makumbusho walikuwa shule ya msingi, wamevaa sare, wamepangwa mstari, mwalimu akihesabu vichwa mlangoni. Sasa wameona tangazo la maonyesho ya uchoraji, onyesho la jukwaani Ijumaa jioni na mazungumzo na msanii Jumamosi, na hawajui waanzie wapi. Nimekuwa nikiwasindikiza watu kwenye shughuli hizi kwa muda mrefu, na majibu haya ni yangu mwenyewe, si ya ofisi yoyote. Mifano mingi nimeichukua Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, pale Museum Hill, na kwa majirani zake. Siku na saa za kila shughuli hubadilika, kwa hiyo hizo zitazame kwenye ratiba yenyewe.

Mambo ni mengi mwezi mzima. Nichague nini?

Chagua onyesho moja, ulirudie. Huo ndio ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wowote.

Watu wengi huja siku ya ufunguzi tu, kwa sababu mwaliko umetumwa na kuna soda na sambusa. Ufunguzi ni siku njema. Msanii yupo, mama yake amevaa kitenge kipya, marafiki wanapongezana. Lakini picha zenyewe huzioni, unaona migongo ya watu. Hotuba zikiisha giza limeingia, unapita ukutani mbiombio, unapiga picha mbili za simu, unakimbilia matatu.

Rudi katikati ya wiki, asubuhi, chumba kikiwa kitupu. Hapo ndipo utagundua kwamba picha uliyoipita kwa sekunde tatu ina mtu amesimama kwenye kivuli cha mlango, na kwamba msanii alimfuta kisha akamrudisha, maana rangi ya chini bado inachungulia. Kisha rudi mara ya tatu siku ya mazungumzo, ukiwa na swali lililotoka kwenye macho yako mwenyewe. Mtu aliyeona kazi tano kwa namna hiyo ameondoka na mengi kuliko aliyezunguka kumbi zote za mji kwa wikendi moja.

Makumbusho si mahali pa mifupa na ndege waliokaushwa? Sanaa iliingiaje?

Iliingia zamani kuliko watu wanavyodhani. Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa viumbe na mimea, watu waliohitaji mahali pa kuwekea wadudu, ndege na majani waliyoyakusanya. Jengo la Museum Hill lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, gavana wa kikoloni, na jina hilo likatolewa baada ya uhuru. Msingi wake basi ulikuwa sayansi ya viumbe, na ndiyo maana hadi leo ukiingia uani unapokewa na Ahmed, yule tembo wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974. Sanamu yake ya uani ina ukubwa wake halisi, na watoto hupenda kusimama chini ya pembe zake.

Lakini tazama pia kuta. Katikati ya karne iliyopita serikali ya kikoloni ilimwagiza Joy Adamson achore watu wa jamii za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao, na michoro hiyo imebaki hapa. Wengine huitazama kama kumbukumbu ya mavazi. Mimi huitazama kama michoro iliyofanywa na mgeni kwa agizo la serikali, nikijiuliza kila mara huyu mzee aliyeketi anachorwa alikuwa akiwaza nini. Mwaka 1995 Kuona Trust ilianzia kwenye uwanja huu huu wa makumbusho, ikawapa wasanii vijana mahali pa kufanyia kazi na kukutana, na wengi wa wanaojulikana leo Nairobi walipita mikononi mwake kabla haijahamia kwingine. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2008 baada ya ukarabati mkubwa, maonyesho ya sanaa ya muda yalipata ukumbi wake, Creativity Gallery. Hapo ndipo sehemu kubwa ya ratiba ya mwezi inapofanyika.

Kwa hiyo Kenya ina makumbusho ya sanaa ya taifa?

Hapana, na jambo hili linaniuma. Tuna makumbusho ya taifa yenye ukumbi wa sanaa, tuna majumba ya watu binafsi, tuna mikusanyo iliyotawanyika. Nyumba moja kubwa ya taifa ambapo mtoto wa Kitui anaweza kuingia akaona uchoraji na uchongaji wa Kenya kuanzia miaka ya 1950 hadi leo, ukiwa umepangwa na kuelezwa, hatuna.

Haikuwa kwa kukosa mtu wa kulisukuma. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, alishika cheo hicho mwaka 1966 na kukiacha mwaka huo huo. Baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmaasai. Alikusanya vitabu, stempu, vinyago, nguo na michoro kutoka Afrika nzima wakati ambapo viongozi wengi walikusanya mashamba. Mwaka 1972 yeye na Alan Donovan walianzisha jumba la sanaa la African Heritage hapa Nairobi, na wasanii wengi wa bara hili walipata soko na heshima kupitia mlango ule. Sehemu ya mkusanyo wake iko ghorofa ya chini ya Jumba la Nyaraka za Taifa, pale ambapo watu wa Nairobi hupeana miadi ya kukutana bila hata kuingia ndani. Sehemu nyingine iko Nairobi Gallery, lile jengo la mawe la mwaka 1913 kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambapo zamani watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo.

Kukosa nyumba ya taifa kuna gharama. Mwaka 2013 banda la Kenya kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, lilijaa wasanii wa kigeni, wengi wao kutoka China, na Wakenya walikuwa wachache mno. Mwaka 2015 mpango kama huo ulirudi. Wasanii wa Nairobi walipiga kelele hadi serikali ikajitenga na banda lile. Taifa lenye makumbusho yake ya sanaa, na wasimamizi wake wanaojua nani amefanya nini, lisingeazimwa jina kirahisi namna ile.

Kiingilio ni kiasi gani, na saa ngapi wanafungua?

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi hufunguliwa kila siku, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, sikukuu zikiwemo. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, na mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima. Bei hubadilika, kwa hiyo sitaiandika hapa. Njoo na kitambulisho, na ujiandae kulipa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, badala ya pesa taslimu. Uliza pia kama shughuli ya jioni ina tiketi yake, kwa sababu mara nyingine mazungumzo ni bure lakini kuingia ukumbini mchana si bure.

Nivae nini?

Chochote ulicho nacho. Viatu vya kusimamia muda mrefu ndivyo muhimu.

Sielewi uchoraji wa siku hizi. Nisimame vipi mbele ya picha?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kama vile mtu anakiri kosa. Hakuna kosa. Wengi wetu shuleni tulifundishwa kutafuta jibu moja sahihi, basi tukifika mbele ya picha tunaanza kwa kuuliza "maana yake nini?" na tunakwama hapo hapo.

Anza na kitu kilichotumika, maana itakuja baadaye. Chukua mfano wa Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Yeye hachori kwenye kanvasi. Huchora kwenye lubugo, nguo ya gome la mti ya Baganda. Gome la mutuba hubanduliwa shinani, mti ukafungwa majani ya mgomba ili upone na kuota gome jingine, kisha lile gome bichi likapondwapondwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, kubwa kwanza na ndogo baadaye, hadi linatanuka na kulainika na kugeuka rangi ya udongo mwekundu. Huvaliwa kwenye sherehe za kifalme na huvishwa maiti. Armitage aliikuta ikiuzwa Nairobi kama kitu cha watalii.

Sasa simama mbele ya moja ya picha zake. Kabla hujauliza ni nani huyu aliyechorwa, tazama mashimo. Gome lina matundu palipokuwa na vijiti vya mti, na lina mishono palipochanika, na mchoraji hakuyaficha. Tundu moja linaweza kuangukia shavuni mwa mtu, mshono ukakata anga kama kovu. Rangi ya mafuta inateleza mahali fulani na mahali pengine inanyweka. Ukisogea hatua tatu nyuma yote yanaungana yanakuwa umati wa watu barabarani. Ukisogea mbele unarudi kwenye mti. Tayari umeona jambo ambalo picha ya simu haiwezi kukuonyesha, na hujasoma kitabu chochote.

Hatua ya pili, jiulize jicho lako limeenda wapi kwanza, na nani alilipeleka huko. Rangi kali? Mkono ulionyooshwa? Hatua ya tatu, soma maelezo ya ukutani. Ya tatu, si ya kwanza! Ukiyasoma mwanzoni utaona yale tu uliyoambiwa uone.

Na usidhani mchoraji mwenyewe lazima awe msomi. Jak Katarikawe alitoka Kigezi, Uganda, hakupata elimu ya shule ya maana, alikuwa dereva, na alichora ng'ombe wanaokumbatiana kwa rangi za zambarau na buluu mpaka unasahau kwamba ng'ombe hawana rangi hizo. Aliishi Nairobi miaka mingi na kila picha ilikuwa na hadithi yake, ambayo alipenda kuisimulia mwenyewe. Alifariki mwaka 2018. Waliobahatika kumsikia wanajua kwa nini nasisitiza siku ya mazungumzo.

Mbona taa ni hafifu? Na kwa nini nakatazwa flashi?

Kwa sababu mwanga unakula rangi, na kilicholiwa hakirudi. Kazi za karatasi, rangi za maji, picha za zamani na nguo huwekwa kwenye mwanga wa takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). Michoro ya mafuta huvumilia kama lux 200. Nje, jua la mchana hukaribia lux 100,000, ndiyo maana ukiingia unaona giza. Ngoja dakika chache macho yazoee kabla hujalalamika. Joto na unyevu nao husumbua: mbao zinavimba na kusinyaa hadi rangi inapasuka.

Kupiga picha bila flashi kwa kawaida huruhusiwa, lakini maonyesho mengine hukataza kabisa kwa ombi la msanii au la aliyeazima kazi. Muulize mlinzi wa chumba. Na kugusa ni hapana, hata kinyago kigumu namna gani. Mkono una mafuta na chumvi, na wewe si wa mwisho kupita hapo leo.

Niliona msanii ameketi sakafuni kimya muda mrefu, akifungua na kufunga kamba. Hiyo nayo ni sanaa?

Ndiyo, na naelewa mshangao wako. Tumezoea mchezo wenye wahusika, maneno na mwisho. Aina hii ya kazi hutumia mwili wa msanii mwenyewe, muda, na kuwepo kwako wewe unayetazama. Syowia Kyambi wa hapa Nairobi ni mmoja wa wanaoifanya kwa uzito mkubwa, akichanganya mwili, vitu na picha ili kuzungumzia historia na kumbukumbu.

Wazee wetu wasingeshangaa sana. Mganga aliyekaa kimya na kibuyu chake, mwali anayetolewa nje baada ya kufundwa, watu wa matanga waliokaa mkekani bila neno: kwetu mwili uliotulia mbele ya watu umekuwa na uzito siku zote. Kilichobadilika ni mahali, na kwamba hapa huambiwi mapema ufuate desturi gani.

Ushauri wa kutazama: kaa mpaka uchoke, halafu ukae kidogo tena. Mengi hutokea baada ya ule uchovu wa kwanza. Simu izimwe. Ukitaka kutoka, toka polepole, hakuna atakayekasirika.

Siku ya mazungumzo naweza kuuliza kwa Kiswahili?

Uliza kwa Kiswahili. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wenye maswali mazuri wakinyamaza saa nzima kwa kuogopa Kiingereza chao, huku kipaza sauti kikizunguka kwa watu walewale wanne. Wasanii wengi wa Nairobi hufurahi mazungumzo yakihamia Kiswahili. Mikono huanza kucheza, mifano inakuja, ukumbi unacheka. Msimamizi akikujibu kwa Kiingereza, mwombe kwa upole akueleze kwa Kiswahili. Hilo ni jengo la umma.

Swali zuri huhusu kazi iliyo mbele yenu. "Kwa nini huyu mwanamke hana miguu?" linafungua mengi kuliko "Nini maoni yako kuhusu sanaa ya Afrika?" Muulize msanii alianzia wapi picha ile, alikwama wapi, alijuaje kwamba imekwisha. Hotuba ya dakika tano iliyovishwa nguo za swali, iache nyumbani.

Nasikia vitu vyetu vingi viko Ulaya na Marekani. Makumbusho yanasemaje kuhusu hilo?

Yamesema, na safari moja yalisema kwa makasha matupu.

Mwaka 2021 maonyesho yaliyoitwa Invisible Inventories yalifunguliwa hapa Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, kabla ya kwenda Cologne na Frankfurt. Yalifanywa na makumbusho haya pamoja na makumbusho mawili ya Ujerumani, na wasanii wa The Nest Collective na SHIFT. Watafiti wao waliandaa orodha ya vitu vya Kenya vilivyomo kwenye makumbusho ya nje, na wakapata zaidi ya 32,000. Kwenye ukumbi paliwekwa makasha ya vioo yasiyo na kitu ndani. Unasimama, unasoma jina la kitu, unatazama kioo, unajiona mwenyewe.

Kimojawapo cha vitu vinavyodaiwa ni Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana. Haikuwa ngoma ya kuchezwa harusini. Ilikuwa kiti cha mamlaka yao, ikisikika bila kuonekana na watu wa kawaida. Maofisa wa kikoloni waliitwaa mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu mwaka 1908 imo British Museum, London, ghalani.

Habari za vigango zina faraja kidogo. Kigango ni nguzo ya mbao ambayo Wamijikenda huisimamisha kwa ajili ya mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, aliyefariki. Ukikiona kwa karibu utaona kichwa cha duara, kiwiliwili bapa kirefu, na pembetatu ndogondogo zilizochongwa zikifuatana toka juu hadi chini. Hufungwa vitambaa, hupewa kinywaji, hakihamishwi hata kikiliwa na mchwa. Sasa fikiria mtu akija usiku na kuking'oa ili kiuzwe kwa mtalii. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Havikukaa, viliibwa. Miaka ikapita, akaja kukitambua kimoja kwenye mkusanyo wa Illinois State Museum, na kingine kikaonekana Hampton University Museum, Virginia. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30.

Kwa hiyo ukiona kwenye ratiba mazungumzo kuhusu urejeshaji wa vitu, nakuomba uyape nafasi kuliko mengine yote ya mwezi. Hapo hukutana wazee wa jamii, wanasheria, wasimamizi na wasanii, na maswali ni magumu kwelikweli: kitu kikirudi kiende kaya, makao matakatifu ya Wamijikenda msituni, au kikae nyuma ya kioo Nairobi? Nani amwage kinywaji? Mimi naamini kigango ni cha kaya. Nimewasikia pia wanaoogopa kwamba kitaibwa tena, na hofu yao ina msingi.

Nilete watoto?

Walete, lakini usiwabebeshe ziara ya saa tatu. Anza na Ahmed uani, kisha mnara wa vibuyu kutoka jamii mbalimbali za Kenya ukiingia ndani, waambie watafute kibuyu kinachofanana na cha bibi yao. Halafu chumba kimoja cha uchoraji. Mpe kila mtoto karatasi na penseli, achague picha moja, aichore akiwa amekaa sakafuni. Penseli tu, kalamu ya wino isikaribie ukuta. Atakachokuuliza akichora kitakushangaza.

Shughuli za jioni zenye ukimya mrefu hazifai walio chini ya miaka saba.

Naweza kununua picha niliyoipenda?

Makumbusho yenyewe hayauzi mkusanyo wake. Kazi za maonyesho ya muda huweza kuuzwa, kutegemea mpango, na mara nyingi orodha ya bei iko mezani kwa msimamizi badala ya ukutani. Uliza bila aibu. Kazi ikinunuliwa hubandikwa alama na hubaki ukutani hadi maonyesho yaishe, kwa hiyo usitarajie kuibeba siku ile.

Kama mfuko wako ni mwembamba, uliza michoro ya karatasi na chapa za mbao. Wasanii wengi hukubali pia kulipwa kwa awamu. Jihadhari na mtu anayekunong'onezea kwamba atakupa "ileile kwa bei ya chini" nje ya ukumbi. Mpe msanii pesa yake kwa njia iliyo wazi. Soko la sanaa ya Afrika Mashariki limejengwa kwa jasho: Gallery Watatu ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, na minada ya Circle Art hapa Nairobi ilianza mwaka 2013, ikawapa watu kipimo cha bei kinachoonekana hadharani.

Mimi ni msanii. Nawezaje kuonyesha kazi yangu hapo?

Hudhuria kabla ya kuomba. Wasimamizi hukumbuka sura za wanaokuja kutazama kazi za wengine. Kisha andaa picha nzuri za kazi zako, maelezo mafupi yasiyo na maneno makubwa, na vipimo vya kila kazi kwa sentimita. Peleka kwa idara inayohusika na maonyesho, na uwe tayari kungoja, maana kumbi hupangwa miezi mingi mbele.

Wakikukataa, soma habari za Sane Wadu. Alikuwa mwalimu, akaacha kazi miaka ya 1980 ili achore. Watu walisema amepata wazimu, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Picha zake zilikuwemo kwenye Mwili, Akili na Roho, mkusanyo wa kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki ulioonyeshwa Munich na kisha Royal Academy, London, mwaka 2021. Kwenye orodha ile wamo pia Sam Ntiro wa Kilimanjaro na Theresa Musoke wa Uganda. Mwaka 2022 taasisi ya sanaa ya NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute) hapa Nairobi ilimwandalia Wadu maonyesho ya kazi za maisha yake.

Siko Nairobi. Nifanyeje?

Dar es Salaam, nenda Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert. Watu huenda kwa ajili ya fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lakini pana ukumbi wa maonyesho ya jukwaani na sanaa pia. Kisha pitia Nafasi Art Space, Mikocheni, ukawaone wasanii wakiwa kazini. Kampala, ukumbi wa sanaa wa Makerere umekaa kando ya shule ambayo Margaret Trowell aliianzisha mwaka 1937 na ambayo imetoa wachoraji wa nchi zetu zote tatu. Mombasa, ukiingia Fort Jesus, usiishie kwenye mizinga. Omba kuonyeshwa michoro ya merikebu ambayo Wareno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu.

Nimechelewa, maonyesho yameshashushwa. Nimekosa kila kitu?

Ya mwezi huu umeyakosa, ndiyo. Uliza kama kuna kijitabu kilichobaki, au rekodi ya mazungumzo. Kisha, badala ya kungoja ratiba nyingine, panda gari la Murang'a. Kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu James, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, kuna michoro mikubwa mitano aliyoifanya Elimo Njau mwaka 1959: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Watu wote ni Waafrika na mandhari ni ya kwetu. Njau alizaliwa Tanganyika, akasoma Makerere, na mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha Paa ya Paa hapa Nairobi, mahali ambapo uchoraji, mashairi, michezo na mabishano vilikaa chini ya paa moja. Kanisa lile ni nyumba ya ibada, kwa hiyo mtafute mlinzi au mzee wa kanisa kwanza, na usiende Jumapili asubuhi kama hukuja kusali. Nenda alasiri na ukae kwenye benchi la mbele.